Jinsi ya kujua rezistansi na wati za kifaa chako ukiwa na volti na ampia tu

Mbukwenyi wana Dom, na majirani zetu wa Manyoni, Kondoa, Mpwapwa mpaka Singida. Kwenye nyumba za kupanga zenye luku moja kesi ni ileile kila mwezi, umeme umeisha kabla ya siku zake na kila mtu anasema mimi nina taa tu na kuchaji simu. Kesi kama hiyo haihitaji kikao, inahitaji namba mbili, volti na ampia. Ukiwa nazo hizo, rezistansi ya kifaa unaipata kwa kugawanya, wati unazipata kwa kuzidisha, kwenye wati unapata yuniti na kwenye yuniti unapata hela. Na hesabu hiyohiyo ndo itakwambia kwa nini soketi inachemka, kwa nini pampu ya kisimani inanguruma tu bila kuzunguka, na kwa nini ethi za nyumba za huku kwetu hasa kiangazi hazifai kuaminiwa kichwa kichwa.

Hesabu yenyewe

R = V ÷ I
P = V × I

V ni volti, I ni ampia (karenti), R ni rezistansi kwa omu, P ni wati. Basi. Zile nyingine mlizokariri shuleni, P = I × I × R na P = V × V ÷ R, ni hizohizo zimegeuzwa, ila usizitupe maana ya kwanza tutaihitaji tukifika kwenye waya na ya pili tukifika kwenye volti zinazoshuka jioni. Kanuni ya rezistansi aliichapisha mwalimu mmoja wa Kijerumani, Georg Simon Ohm, mwaka 1827, kwahiyo hakuna kipya hapa, ni sisi tu hatuitumii majumbani.

Kitu kimoja cha kuzingatia kabla hujashika kalkuleta ya simu: ampia ziwe ampia. Kikiandikwa 350mA maana yake ni 0.35A, unagawa kwa elfu. Watu wengi wanaokuja na majibu ya ajabu, eti chaja ya simu ina wati 80,000, wamezidisha 230 kwa 350 moja kwa moja. Na ukiwa kwenye chaja usichanganye mistari, ile INPUT ni ya upande wa ukutani na OUTPUT ni ya upande wa simu. Output ikiwa volti 5 na ampia 2 basi ni wati 10 zinaenda kwenye simu, ukichukua volti 230 za juu ukazidisha na ampia 2 za chini unapata wati 460 na unamlaumu mtu bure.

Hatua ya kwanza, vifaa

Multimita ya kawaida kwa ajili ya volti na omu, na klampu mita kwa ajili ya ampia. Klampu ni ile yenye mdomo kama koleo, inazunguka waya bila kukata kitu. Nakushauri sana ampia za umeme wa nyumbani upime kwa klampu, usipime kwa multimita ya kuchomeka pini, maana ile ya pini inabidi ukate waya upitishe karenti ndani ya mita yenyewe, mwisho wake huwa ampia 10, na ukisahau pini kwenye tundu la ampia halafu ukaenda kupima volti za soketi umeshapiga shoti. Multimita nyingi zinakufa kwa staili hiyo, na nyingine zinamlipukia mtu usoni.

Sasa ubaya wa klampu ni kwamba ukiizungusha kwenye waya mzima wa kifaa itasoma sifuri. Sio mbovu. Karenti inaenda na waya mmoja inarudi na mwingine, zinafutana. Kwahiyo unatengeneza kipande kifupi cha ekstensheni, unachuna ganda la nje tu katikati, nyaya tatu za ndani zinabaki na maganda yake mazima bila mkwaruzo, halafu klampu unaizungusha kwenye ile ya kahawia peke yake (kwa nyaya za zamani ni nyekundu). Hiyo kazi ya kuchuna unaifanya kikiwa hakijachomekwa popote, na kama mkono wako haujazoea hizi mambo mpe fundi akutengenezee, ni kazi ya dakika chache.

Hatua ya pili, kupima, na hapa usikimbie

Volti unapima mara mbili. Mara ya kwanza kifaa kikiwa kimezimwa, mara ya pili kikiwa kinafanya kazi kwenye soketi ileile. Watu wanapima mara moja tu wanaandika 230 kwa sababu ndo inayoandikwa kwenye vitabu. Umeme wetu ni volti 230 kwa jina, ila nyumba iliyo mwisho wa laini kule Nzuguni au Nala saa mbili usiku, watu wote wanapika na kupiga pasi, inaweza kusoma chini sana ya hapo, na usiku wa manane ikapanda tena.

Tuchukue jiko la koili moja, lebo yake inasema wati 2000. Vipimo hivi hapa:

Kabla ya kuwasha: volti 226
Likiwa limewaka: volti 221
Klampu: ampia 8.2

Unasubiri dakika moja hivi koili iwe nyekundu ndo unaandika ampia, maana koili ikipata moto rezistansi inapanda kidogo. Kwa jiko na pasi tofauti ni ndogo, asilimia chache tu, ila kwa ile balbu ya zamani ya waya tofauti ni kubwa mno. Balbu ya wati 100 ikiwaka ina omu kama 529, ila ukiipima ya baridi na multimita utakuta chini ya sehemu ya kumi ya hapo, utadhani balbu mbovu kumbe ndo ilivyo.

Hatua ya tatu, piga hesabu

Rezistansi ya jiko: 221 ÷ 8.2 = omu 26.95, tuseme 27.
Wati za jiko: 221 × 8.2 = wati 1812.

Umeona nimetumia 221 na sio 226. Unatumia volti za wakati kifaa kinafanya kazi, kwa sababu ndizo zilizopo kwenye mdomo wa kifaa muda ule ampia 8.2 zinapita.

Kuhakiki, zima jiko, chomoa kabisa ukutani, liache lipoe, weka multimita kwenye omu, gusisha pini zake zenyewe kwa zenyewe kwanza uone zinasoma ngapi (mara nyingi 0.3 mpaka 0.5, hiyo utaitoa), halafu pima kwenye meno mawili ya plagi, lile la L (laini) na lile la N (nyutro), swichi ya jiko ikiwa imewashwa. Ukipata 26 hivi hesabu yako iko sawa. Ikiandika OL au 1 peke yake pembeni, koili imekatika au swichi haijashika. Halafu pima na kutoka jino la L kwenda lile jino refu la ethi, hapo inatakiwa isisome kitu, ikisoma omu mia tano au elfu moja jiko linavuja kwenye bodi, usilitumie.

Zile volti 5 zilizopotea zimeenda wapi

Hapa ndo penye utamu na ndo watu wengi wanaparuka. Volti zilikuwa 226, jiko lilipowaka zikawa 221. Volti 5 zimeliwa njiani, kati ya nguzo, mita, breka, nyaya za ukutani na viungio vya soketi. Tumia kanuni ileile:

5 ÷ 8.2 = omu 0.61
5 × 8.2 = wati 41

Kwahiyo njiani kuna omu 0.61 na wati 41 zinageuka joto ambalo halipiki chochote. Zikisambaa kwenye mita arobaini za waya hakuna shida, hata ukishika ukuta husikii. Ila zikiwa zimekaa sehemu moja, tuseme skrubu ya soketi imelegea, basi ndani ya kile kisoketi cha plastiki kuna joto la solda nzima ya fundi redio, na linakaa humo saa moja na nusu kila siku. Ndo maana unakuta soketi imebadilika rangi imekuwa kahawia tundu moja tu, la upande wa laini. Jaribu soketi nyingine ya nyumba hiyohiyo kwa jiko lilelile. Ya kwanza ikipoteza volti 5 na ya pili ikipoteza 2, ugonjwa uko kwenye ile ya kwanza, zima meini swichi fundi akaze au abadilishe.

Usiniambie soketi ni mpya. Mpya iliyofungwa na mtu mwenye haraka ni mbovu zaidi ya ya zamani iliyokazwa vizuri.

Kutoka wati kwenda yuniti na kwenda hela

Yuniti moja ni wati elfu moja kwa saa moja. Jiko letu la wati 1812 likiwaka saa moja na nusu kwa siku:

1.812 × 1.5 = yuniti 2.7 kwa siku, sawa na 81 hivi kwa siku thelathini.

Kwa tarifu ya kawaida ambayo wengi wetu tuko, elfu kumi inakupa yuniti kama 28 kabla ya makato ya kodi ya jengo, kwahiyo yuniti moja ni kama shilingi 357, jiko linakula kama 970 kwa siku. Bei zinabadilika, chukua ya kwenye meseji yako ya mwisho ya kununua umeme, gawa hela kwa yuniti. Na ukiwa kwenye ile tarifu ya watumiaji wadogo, ya yuniti 75 kwa mwezi, ona mwenyewe, hilo jiko moja peke yake limeshakuvusha mpaka.

Kuna nyumba moja Nkuhungu kesi ilikuwa kwenye friji. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshahukumu.

"Mwanangu, huyu dada wa chumba cha mwisho ndo anatumalizia umeme, friji haizimwi usiku wala mchana."

"Shikamoo mama. Tupime basi friji na hilo jiko la huyu kijana wa chuo, tuone."

"Marahaba. Jiko anawasha mara moja moja tu bwana, friji je?"

Friji ikasoma ampia 0.9 kwa volti 223, ukizidisha unapata 201, ila friji ni mota (nitaeleza mbele), wati zake za kweli ni kama 130, na mota yenyewe haizunguki muda wote, inalala inaamka, tuseme nusu ya siku. 0.13 mara saa 12 ni yuniti 1.6. Jiko la "mara moja moja" yuniti 2.7. Yule dada alikaa kimya tu anaangalia simu yake, ila mchango wa mwezi uliofuata ulipangwa upya.

Huna klampu? Tumia taa ya mita

Mita ya luku ina kataa kadogo kekundu kanakopepesa, na pembeni imeandikwa namba kama 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh. Maana yake taa ikipepesa mara hizo, yuniti moja imeondoka. Zima kila kitu ndani, omba na wapangaji wengine wazime, washa kifaa kimoja, hesabu mipepeso na sekunde kwa simu.

Kwa mita ya 1000: wati = 3600 × mipepeso ÷ sekunde.
Kwa mita ya 1600: wati = 2250 × mipepeso ÷ sekunde.

Jiko letu likipepesa mara 20 ndani ya sekunde 40 kwenye mita ya 1000, ni 3600 × 20 ÷ 40 = wati 1800. Umeona inaendana na ya klampu. Sasa ukiwa na wati na volti, ampia ni 1800 ÷ 221 = 8.1, na rezistansi ni 221 ÷ 8.1 = 27. Kama mita yenu iko juu ya nguzo na ndani kuna kile kidude cha kubonyezea namba tu, mtu mmoja asimame nje aangalie kwa chini, usipande nguzo.

Volti zikishuka jioni

Rezistansi ya koili ndo kitu kilichofungwa na kiwanda, haijali luku wala saa ngapi. Ndo maana inafaa kuijua, ukiwa nayo unaweza kujua wati kwa volti yoyote ile bila kupima tena. Omu 27, volti zikiwa 230:

230 × 230 ÷ 27 = wati 1959

Volti zikishuka mpaka 190:

190 × 190 ÷ 27 = wati 1337

Volti zimepungua asilimia 17 tu ila nguvu imepungua karibu theluthi, kwa sababu volti inaingia mara mbili kwenye hesabu. Na hapa kuna imani moja ya mtaani kwamba umeme ukiwa mdogo luku inakaa zaidi. Kwa taa ya koili labda, kwa kupika hapana. Lita mbili za maji yanahitaji joto lilelile mpaka yachemke, na hapa Dodoma tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari kwahiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kutoka nyuzi 25 mpaka 96 ni kama yuniti 0.165, hata joto lote lingeingia kwenye sufuria bila kupotea. Kwa wati 1812 ni dakika tano na nusu, kwa wati 1337 ni dakika saba na nusu. Yuniti ni zilezile, na kiuhalisia unalipa zaidi kidogo maana sufuria imekaa muda mrefu inapoteza joto kwenye upepo.

Mota sio koili

Friji, pampu, feni, mashine ya kusaga. Hivi usigawanye volti kwa ampia ukasema hii ndo rezistansi ya waya wa mota, sio, mota ikizunguka inasukuma volti kinyume na umeme wake haupandi na kushuka kwa pamoja na volti. Na ukizidisha volti kwa ampia unapata namba kubwa kuliko wati unazolipia. Inabidi uzidishe tena na pawa fakta, yaani sehemu ya hiyo namba ambayo ni wati za kweli, ile iliyoandikwa cos φ kwenye kibati cha mota. Pampu ya volti 230, ampia 7, cos φ 0.8:

230 × 7 × 0.8 = wati 1288

Ila kwenye kuchagua waya na breka unatumia ampia 7 zenyewe, waya haujui pawa fakta.

Ekstensheni, hii fupi tu

Vifaa vikichomekwa pamoja, volti ni ileile, ampia zinajumlishwa. Jiko 8.2, pasi 4.1, jagi la kuchemshia chai 6.8, jumla 19.1. Fyuzi ya plagi ni ampia 13, yaani kwa volti 230 ni wati 2990 mwisho. Ukikuta ekstensheni imebeba vyote hivyo na fyuzi haijakatika, chomoa, fungua uangalie, huenda kuna mtu ameweka msumari, ila hata fyuzi nzima ya 13 inaweza kuvumilia ampia 19 kwa muda mrefu huku waya unachemka.

Waya wa kwenda kisimani

Hii ni kwa wenye mashamba ya zabibu Hombolo na Mpunguzi na waliochimba visima uani. Kisima kiko mita 60 kutoka kwenye bodi ya breka, fundi amevuta waya wa 2.5 (unene wa milimita za mraba 2.5) kwa sababu ndo uliokuwepo. Waya wa kopa wa 2.5 una kama omu 7.4 kwa kilometa. Karenti inaenda na kurudi kwahiyo hesabu mita 120:

120 × 7.4 ÷ 1000 = omu 0.89

Pampu ikizunguka kwa ampia 7 inapoteza 7 × 0.89 = volti 6, sio mbaya. Shida ni ile sekunde ya kuwaka, mota inavuta kama mara tano, ampia 35:

35 × 0.89 = volti 31

Kama umeme ulikuwa 215 jioni, kwenye pampu zinafika 184, mota haina nguvu ya kuinuka, inanguruma, inaendelea kuvuta ampia za kuwakia, na wati zinazochoma waya ni 35 × 35 × 0.89, yani zaidi ya elfu moja. Hapo ndo pampu inaungua na mtu anamlaumu aliyeitengeneza. Waya wa 6 una omu 3.08 kwa kilometa, piga hesabu ileile unapata omu 0.37 na volti 13 tu zinapotea wakati wa kuwaka. Bei ya waya mnene inauma, najua, ila linganisha na bei ya pampu nyingine na mafundi wa kuja kuitoa chini.

Karenti ikiongezeka mara mbili, joto la waya linaongezeka mara nne, ndo sababu umeme wa mbali unasafirishwa kwa volti kubwa. Treni ya SGR inayoingia stesheni ya Dodoma inalishwa na waya wa volti 25,000. Kichwa kikivuta tuseme wati milioni 4 ni ampia 160. Ingekuwa volti 230 zingehitajika ampia zaidi ya 17,000, waya wake sijui ungebebwa na nguzo gani.

Kwa watu wa sola ni kinyume chake. Mzigo wa wati 100 kwenye betri ya volti 12 ni ampia 8.3, waya wa 1.5 wa mita 10 (kwenda na kurudi 20) una omu 0.24, zinapotea volti 2 kati ya 12. Taa zitakuwa hafifu na redio itakwaruza, na betri haina kosa. Kwahiyo upande wa volti 12 waya uwe mfupi na mnene, betri ikae karibu na invata, umbali umalize kwa upande wa 230.

Ethi na udongo wetu

Nimeiacha mwisho kwa sababu hapa hesabu inahusu uhai. Ile fimbo ya kopa iliyochimbiwa nyuma ya nyumba nayo ina rezistansi yake na udongo. Udongo wenye unyevu rezistansi ni ndogo, udongo mkavu ni kubwa, na Dodoma kuanzia Mei mpaka Oktoba mvua karibu hakuna, juu kumekauka kabisa. Tuseme ethi yako ina omu 100. Waya wa laini umegusa bodi ya friji:

230 ÷ 100 = ampia 2.3

Breka ya ampia 20 inaona ampia 2.3, kwake hiyo ni kama pasi tu, haikatiki ng'o. Ili zipite hata hizo ampia 20 unahitaji njia nzima iwe na omu 11.5, na bado breka kwa ampia 20 haikatiki palepale. Kwahiyo bodi ya friji inabaki na umeme na wewe unakuja na mikono yenye maji. Mwili wenye ngozi iliyoloa tukadirie omu 1,000, zinapita ampia 0.23. Ampia 0.03 tu zikidumu zinatosha kumletea mtu matatizo makubwa.

Ndo maana nyumba za huku zinahitaji ile breka ya kuvuja, RCCB ya miliampia 30. Yenyewe haisubiri ampia 20, inakata ikiona tofauti ya 0.03 kati ya waya unaokwenda na unaorudi. Hata ethi ya omu 100 inaitosha mara nyingi zaidi ya inavyohitaji. Ina kitufe kimeandikwa T, kibonyeze kila mwezi, ikishindwa kuruka ibadilishwe.

Na rezistansi ya ethi usiipime kwa multimita, majibu yake hayana maana kwenye udongo. Mwite fundi mwenye mashine ya kupimia ethi, ile inayochomeka vijiti viwili vingine chini kwa umbali, na mwite Oktoba wakati ardhi imepasuka kwa ukavu, maana ethi iliyopimwa Februari mvua ikinyesha itakupa namba nzuri ambayo kiangazi huna. Ikiwa kubwa, ongeza fimbo ya pili umbali wa angalau urefu wa ile ya kwanza, uunganishe, mpime tena.